BANGO LENU LINASEMA BIBI NI MCHAWI, HALAFU MNATUITA WENYE WIVU



Leo sina stori ya nani kaachana na nani. Wale mliokuja kwa ajili ya hiyo, pumzikeni, itakuja kesho. Leo nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa na nisipolisema litanipa vidonda vya tumbo. Sitaji jina la mtu, sitaji chuo, sitaji hata jina la filamu. Wanaojijua wanajijua, na wakisoma mpaka mwisho wataona nawapenda kuliko wale wanaowaambia "moto sana".

Iko hivi. Kuna vijana wa chuo kimoja kanda hii wametengeneza filamu fupi ya masomo yao. Dakika 28. Kamera ya kuazima, simu mbili, mataa ya kukodi kwa mpiga picha za harusi. Mmoja wao mama yake kauza mbuzi wawili ili mtoto amalize kazi. Filamu nimeiona. Ni nzuri. Narudia ili msije kuniwekea maneno mdomoni: FILAMU NI NZURI.

Inahusu bibi mmoja kijijini mwenye macho mekundu. Mjukuu wake yuko machimbo, duara halitoi kitu, madeni yamemfika shingoni. Anaenda kwa mganga, mganga anamwambia nyota yako imefungwa na mtu wa nyumbani, mzee, mwenye macho ya damu. Kijana anapanda basi anarudi nyumbani na panga kwenye begi. Usiku bibi anaumwa, hawezi kuinuka, ikabidi mjukuu awashe moto yeye apike uji. Kuni mbichi, samadi ya ng'ombe, nyumba haina dirisha. Asubuhi anajitazama kwenye kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Macho yake mekundu. Filamu inaishia hapo hapo, hakuna mtu anayehubiri.

Mi nilikaa kimya kama dakika mbili. Nyie mnaotoka Usukumani mnajua kwa nini. Kwetu hiyo sio hadithi ya kutunga. Kwa miaka mingi Shinyanga, Geita, Mwanza, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho tu. Macho yaliyoharibika kwa moshi wa kuwapikia hao hao waliokuja kuwaua. Kila mtu hapa ana mtu anayemjua ambaye anajua mtu.

Sasa njoo uone bango.

Uso wa bibi umejaa bango zima. Macho yamepakwa rangi nyekundu mpaka yanawaka kama taa za breki za basi. Begani kakaa bundi. Nyuma radi. Chini panga linachuruzika damu. Jina la filamu ni la Kiingereza, na jina la dairekta ni kubwa kuliko jina la filamu. Treila nayo dakika mbili na sekunde arobaini: kicheko cha kichawi, mbwa wanabweka, bibi anageuka taratibu, macho PAA! Giza. Uji haupo. Kioo hakipo. Moshi haupo hata wa sigara.

Yaani filamu inasema bibi sio mchawi, na tangazo la filamu linasema bibi ni mchawi. Na waliotengeneza vyote viwili ni watu walewale.

WALICHOAMBIWA NA WALICHOFANYA

Bango lilipowekwa Instagram, watu walisema. Msije mkasema hamkuambiwa. Mdau mmoja aliandika kwa adabu kabisa, "Kwa hiyo bibi ndo mchawi?" Akajibiwa, "Nenda kasome kwanza ndo uje kuchambua sanaa." Mwingine kauliza mbona jina la Kiingereza wakati wote wanaongea Kiswahili na Kisukuma. Akawekewa kile kikatuni cha kucheka. Dada mmoja kaandika, "Bibi yangu aliondoka kwa maneno hayahaya, naombeni mtoe hayo macho." Ile komenti ilikaa kama nusu saa. Ikafutwa. Dada akablokiwa.

Jioni dairekta akaingia laivu. Kofia kageuza nyuma, miwani ya jua saa mbili usiku. Akasema watu wa Shinyanga wana wivu, hawapendi kuona mwenzao anatoka, ndio maana Kanumba alilazimika kwenda Dar.

Ndugu yangu, mwache Kanumba apumzike. Steven Kanumba ni mtoto wetu, kazaliwa Shinyanga 1984, kaondoka Aprili 2012, na kila kijana hapa akishika kamera anajiona yeye. Lakini kumbuka enzi zile muvi zilikuwa zinauzwaje. Zilikuwa zinauzwa mkononi kwa machinga. Mtu anashika kava, anaangalia mbele, anageuza nyuma, anauliza "hii inahusu nini?", akiona haeleweki anairudisha, anachukua nyingine. Machinga alikuwa anajua kabla ya mtu yeyote kava lipi linarudishwa na lipi linaondoka. Hakukuwa na kitufe cha kufuta komenti. Kava likirudishwa, limerudishwa, na mzigo umekulalia.

Na tukirudi nyuma zaidi, nani kalifanya banda la video lijae? Lufufu na waliomfuata. Walikuwa wanakaa na watu, wanaona hapa hawajaelewa, wanawaelezea kwa Kiswahili, wanatia na utani. Hawakuwaambia watu "nendeni mkasome kwanza". Walijua asiyeelewa ni mteja, sio mjinga.

NA MIMI NIMO

Kabla hamjaniambia "wewe nani", ngoja nijitaje mwenyewe.

Mi nimeishia kidato cha nne. Filamu sijasomea, nimejifunza kuediti kwa kuangalia video za YouTube kwa bando la usiku. Kinachoniweka mjini ni steshenari: kopi, kuprinti, picha za pasipoti, kujaza fomu. Lile bango nimeliprinti MIMI. Nakala 150 za A3, shilingi 2,000 kila moja, laki tatu taslimu. Niliona yale macho yakitoka kwenye mashine, moja baada ya jingine, mara 150. Sikusema kitu. Nilisema wino umekolea.

Halafu wakanilipa 20,000 niwawekee kwenye blogu hii. Nikaweka. Juu nikaandika "Bonge la muvi linakuja, kaeni mkao wa kula". Kwa hiyo hasira hii nusu yake ni yangu mwenyewe.

Kilichonitoa usingizini ni hiki. Nilikuwa nimebandika moja ukutani dukani. Akaja bibi mmoja jirani, huwa anakuja kutoa kopi ya kitambulisho. Nikamwamkia mwangaluka, akaitikia, akakaa kwenye benchi. Macho yake ni mekundu, amepikia kuni maisha yake yote. Akaliangalia bango muda mrefu. Kusoma hajui, kwa hiyo jina la Kiingereza halikumsumbua kama lilivyowasumbua wengine. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu kawakosea nini?"

Nikamwambia ni muvi tu, bibi.

Akasema, "Muvi si inaisha watu wanaenda kulala? Hii karatasi inabaki hapa."

Akavuta kanga, akafunika uso mpaka machoni, akakaa hivyohivyo mpaka kopi yake ilipotoka. Akalipa mia mbili akaondoka.

Sasa nyie niambieni. Yule bibi ana wivu? Anataka kuwa dairekta? Anamwonea nani gere?

Nililibandua siku ileile. Lakini hizo nyingine 149 ziko kwenye nguzo na kuta za mji huu.

MCHIMBAJI ANAPIMA SAMPO, WEWE UNAPIMA LAIKI

Tunaishi kwenye mkanda wa dhahabu, halafu tunafanya mambo kama watu ambao hawajawahi kuona karai.

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamagasa haanzi kutumbukiza pesa kwenye duara kwa sababu washkaji wamemwambia "moto sana kaka". Anachukua jiwe. Analitwanga. Anaosha kwenye karai, anaangalia chini kimebaki nini. Hiyo ndo sampo. Sampo ikigoma, hamtukani jiwe kwamba lina wivu. Anahama, au anabadilisha mwelekeo. Na hata sampo ikikubali bado anaweza kupigwa, lakini angalau hajaingia kichwa kichwa.

Nyie sampo yenu ilikuwa kundi la WhatsApp la darasa. Watu 40, wote wamecheza ndani ya filamu, au wanadaiwa na dairekta, au wanamtaka aliyecheza mjukuu. Mnauliza "imependeza?" Watajibu nini? Hiyo sio sampo, huko ni kuosha mchanga ambao umeshamwagia dhahabu mwenyewe.

Basi nikafanya yangu. Sio utafiti wa chuo kikuu, ni kaunta ya steshenari. Nilichukua lile bango kwenye simu ya kawaida, sio ya gharama, nikawaonyesha wateja 12 mmoja mmoja kwa kuhesabu mpaka tano, nikaficha. Swali moja tu: "Hii muvi inahusu nini?"

Tisa walisema bibi mchawi. Wawili wakasema muvi ya kutisha, mazombi. Mmoja akaniuliza huo mkutano wa injili unaanza lini, kwa sababu alidhani ni tangazo la mtumishi anayekuja kutoa mapepo.

Kumi na wawili, na hakuna HATA MMOJA aliyesema bibi anasingiziwa.

Usiku nikakaa nikatengeneza jingine, kwa picha niliyoitoa ndani ya treila yenu wenyewe, sekunde moja imepita bibi akiwa jikoni. Nikamwacha na macho yake ya kawaida, mafiga, sufuria, nikaongeza moshi mwingi. Chini nikaandika kwa Kiswahili: "Alikupikia. Leo unamwogopa." Kesho yake nikawaonyesha watu wengine 12, swali lilelile.

Wanane wakasema bibi anasingiziwa uchawi, au anaogopwa bure. Wawili hawakujua. Na wawili, msicheke, walisema ni tangazo la majiko ya gesi. Siku hizi kila mahali ni nishati safi ya kupikia, mtu akiona bibi na moshi anasubiri mtungi utokee.

Mi nilicheka, halafu nikakaa nikafikiri. Wale wawili hawakukosea. Mi ndo sikuwaonyesha kuna hatari gani. Nikarudi, nikaweka kivuli cha mtu mlangoni na kitu kirefu mkononi. Nikaonyesha tena watu sita. Gesi ikaisha. Mama mmoja akasema, "Huyo anayeingia ni mtoto wake?" Hilo swali ndo tiketi. Mtu akikuuliza hivyo, anataka kuja kuona.

Siku tatu. Karatasi sifuri. Bando la elfu moja. Hiyo ndo gharama ya kusikiliza.

MNAVYOULIZA NDO MNAVYODANGANYWA

Kwa hiyo nyie mnaosoma filamu, na nyie mnaopiga video za nyimbo huko Kahama na Katoro, shikeni haya, hayana ada.

Usiulize "imependeza?" Mtanzania amelelewa vizuri, atasema imependeza hata ukimwonyesha risiti. Uliza ameona nini, anadhani kitatokea nini, angemwambia nani aje.

Usimweleze kabla. Ukishaanza "hapa nilimaanisha…" sampo imekufa. Siku bango liko kwenye nguzo ya umeme, wewe hutakuwepo pale kueleza.

Muonyeshe asiyekujua. Rafiki yako hajawahi kuwa mtazamaji, ni rafiki yako.

Treila iangalie bila sauti kwenye simu iliyopasuka kioo, kwa sababu ndivyo itakavyoangaliwa, kwenye daladala, juani. Kama bila kile kicheko cha kichawi haieleweki, basi hukuwa na treila, ulikuwa na kicheko.

Bango lisimamie mbali. Nenda ng'ambo ya barabara. Mtu wa bodaboda anasoma herufi ngapi akipita? Atasoma jina la filamu au jina lako?

Na andika wanachosema kwa maneno yao. Mtu mmoja akisema kitu, kisikilize. Watatu wasiojuana wakisema kitu kilekile, simama ubadilishe.

NAJUA MTANIJIBU NINI

Mtasema, "Sanaa haifuati watu." Sawa. Lakini mi sijagusa sanaa yenu. Filamu ibaki kama ilivyo, hata fremu moja msikate. Bango na treila ni mlango wa kuingilia, na mlango unamhusu anayeingia kuliko aliye ndani.

Mtasema wakubwa hawafanyi hivyo. Wanafanya sana. Mwaka 2019, mwishoni mwa Aprili, Wamarekani walitoa treila ya Sonic, yule kiumbe wa bluu wa kwenye gemu. Wamempa meno ya binadamu. Dunia nzima ikapiga kelele. Dairekta Jeff Fowler hakuvaa miwani ya jua usiku akaanza kutukana watu. Ndani ya siku mbili alisema amesikia na watabadilisha. Filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 mpaka Februari 2020, yule kiumbe akachorwa upya mwili mzima, na ikaja kuingiza zaidi ya dola milioni 300. Wale wana pesa za kupoteza na bado waliona aibu. Wewe mwenye mbuzi wawili wa mama unaona fahari.

Msitake kwenda mbali? Nendeni Kampala, mtaa wa Wakaliga. Isaac Nabwana na watu wake wanatengeneza muvi kwa pesa ambazo harusi ya hapa Shy haiwezi kununulia keki. Treila ya Who Killed Captain Alex wameitupia YouTube mwaka 2010, dunia ikawajua. Lakini nyumbani walikuwa wanazungusha DVD mlango kwa mlango wenyewe. Ukiuza mlango kwa mlango huwezi kumbloki mtu. Anakwambia usoni.

Mtasema, "Ukisikiliza kila mtu utapotea." Hapa mna hoja, siwanyimi. Kuna mteja mmoja aliniambia muvi ingenoga bibi akiwa na bastola. Sikumsikiliza. Na mwaka 2006 Wamarekani hao hao walitengeneza Snakes on a Plane, mtandaoni watu wakaishangilia kabla haijatoka, watengenezaji wakarudi kupiga vipande vingine kuwafurahisha, halafu ilipotoka tiketi hazikufika walikotarajia. Komenti sio tiketi. Lakini angalieni tofauti: mtu akikwambia weka bastola, anakupa ushauri, una haki ya kuukataa. Mtu akikwambia "nimeelewa bibi ni mchawi", huo sio ushauri, hiyo ni taarifa. Huwezi kuikataa taarifa. Ameshaelewa hivyo.

Mtasema, "Mwalimu ametupa alama za juu." Mwalimu mmoja, anayejua skripti, aliyeiona filamu nzima kabla hajaliona bango. Yeye anajua bibi hana hatia. Aliyepo kituo cha mabasi hajui. Na kama chuo kinatoa alama za bango bila kumuuliza mtu hata mmoja wa mtaani ameelewa nini, basi chuo nacho kikae kwenye benchi la steshenari yangu nusu siku.

Kuna wengine watasema, "Bango la kutisha ndo linauza." Sawa, tuhesabu. Ukumbi mlikodi laki mbili, mabango laki tatu, hiyo laki tano. Kiingilio 3,000. Waliolipa walikuwa 31, nilikuwepo, nilihesabu. Hiyo ni 93,000. Mmeingia hasara ya 407,000 na hapo sijagusa spika wala usafiri. Na katika hao 31 kuna jamaa wawili walitoka katikati wananung'unika, "Mbona bibi hajapanda fisi?" Hao ndo mliowaita! Walikuja kwa ajili ya fisi. Wale ambao wangelia kwenye ile ya kioo, kina mama, manesi, walimu, watoto wa vikongwe, waliliona bango wakapita upande wa pili wa barabara.

Ghana zamani kulikuwa na mabango ya kuchora kwa mkono kwenye magunia ya unga, kwa ajili ya mabanda ya video. Mchoraji anaweka nyoka, anaweka vichwa vitatu, vitu ambavyo kwenye muvi havipo. Leo wazungu wanayanunua wanatundika ukutani. Ni mazuri, sibishi. Lakini yule nyoka wa kwenye gunia hakuwa na jirani anayeitwa nyoka. Bibi wa kwenye bango lenu anao majirani.

TATIZO NI MWEZI UJAO

Mngekuwa mmemaliza, ningenyamaza. Hasara imeingia, maisha yanaendelea. Lakini mmetangaza wenyewe kwamba mwezi ujao mnaipeleka Geita mjini, Katoro, na mkipata nafasi mtaingia mpaka machimboni kuonyesha usiku kwa projekta. Na mmesema mtatumia bango lilelile kwa sababu "bado zimebaki nyingi".

Fikirini kidogo mnaenda wapi. Mnaenda kwa kijana ambaye duara lake limegoma miezi minne. Mfukoni hana kitu, mganga keshamwambia kuna mtu. Hatakuja kuangalia muvi, hana 3,000. Lakini bango ataliona, bango ni bure. Ataliona asubuhi akienda, ataliona jioni akirudi. Uso wa bibi, macho mekundu, panga. Mmemwandikia jibu mnalosema mnapigana nalo, mkalibandika kwenye nguzo.

Simaanishi bango linaua mtu. Simaanishi kabisa. Naomba tu mkumbuke yule bibi na kanga yake, mjiulize kwa nini alifunika macho.

Dairekta, we ni mdogo wangu kwa miaka michache na una kipaji ambacho mimi sina. Ile ya kioo sijawahi kuona kwenye muvi ya Kibongo. Ndo maana nimekasirika. Ingekuwa muvi mbovu ningeweka picha tatu, nikachukua 20,000 yangu, nikalala.

Kwa hiyo nafanya hivi. Faida niliyokula kwenye zile 150 ilifika kama laki moja. Nairudisha. Nakala 50 za bango jipya naprinti bure, karatasi na wino juu yangu. Lile nililotengeneza chukueni au msichukue, fanyeni la kwenu, nyie ndo mna picha nzuri. Sharti ni moja: kabla sijabonyeza mashine, mkae kwenye benchi langu asubuhi moja, muonyeshe watu kumi msiowajua, na mnyamaze. Msiseme neno. Muulize swali moja tu, halafu muandike.

Na yule dada mliyemblokia, mumrudishe. Mumwombe msamaha kule kule mlikomfutia, sio inbox. Yeye ndiye aliyekuwa mtazamaji wenu wa kwanza wa kweli. Aliona mlichokosea akawaambia bure, tena kwa kuanza na neno "naombeni".

Posti yangu ya zamani ya "kaeni mkao wa kula" nimeitoa leo asubuhi. Sikuifuta kimyakimya, ndo maana nawaambia.

Wadau, uwanja ni wenu. Kama nimekosea niambieni hapo chini, hapa hatufuti komenti. Na kama kuna bango la muvi au la nyimbo lililowahi kukufanya uelewe kinyume kabisa, lielezee bila kutaja jina.